Maumivu ya Jirani

Machi 2
Mvua zimeanza leo saa nne asubuhi, mashuka yote yakiwa kambani. Tulikimbia kuyaanua kama watu waliofukuzwa na nyuki. Nusu yaliloa, yakarudi kwenye mashine. Miguu inawaka. Nalala.

Machi 3
Mvua. Foronya kutwa nzima.

Machi 6
Jumapili, siendi kazini. Nimefua sare yangu na haitakauka.

Kama daftari hili litasomwa na mtu siku moja, bora nieleze Jirani ni nani, asije akadhani ni mtu wa mlango wa pili. Jirani anakaa kichwani mwangu. Si jini, wala sipandishi kitu, wala sijarukwa na akili. Nilimtengeneza mwenyewe. Miaka saba iliyopita nilikuwa nyumbani namuuguza mama, miezi kumi na minne, chumba kimoja, yeye kitandani na mimi kwenye kiti, na mama alikuwa ameshaacha kuongea. Nikasoma kwenye simu kwamba wapo watu wanaojifanyia mwenza wa ndani: unamfikiria kila siku, unaongea naye, mpaka siku moja anajibu bila kusukumwa. Wanamwita tulpa. Nikasema, kuliko kuongea na ukuta. Nikampa umbo la mwanamke wa makamo, mrefu kuliko mimi, mwenye mdomo. Miezi mitano niliuliza na kujibu mwenyewe. Halafu siku moja, namgeuza mama huku nikilalamika kwamba Dada haji, nikasikia: “Na wewe umewahi kumwita?”

Nilikaa chini. Jibu lile nisingelitunga mimi. Nilikuwa sitaki hata kulisikia.

Nikampa jina la Jirani, kwa sababu heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na ndugu yangu wakati ule alikuwa mbali kweli.

Wenye tulpa hubishana sana huko kwenye simu. Wengine wanasema ukiona baridi naye anaona baridi, ukijikwaa naye kidole kinamuuma. Wengine wanasema hapana, anapata habari tu, kama mtu aliye ndani ya nyumba anavyojua mvua inanyesha kwa kusikia bati, bila yeye kulowa. Nilimuuliza Jirani mapema kabisa. Akasema, “Mimi nasikia bati tu.”

Nilishukuru. Mwili wangu haujawahi kuwa mahali pa kumkaribisha mgeni.

Machi 9
Mvua. Kamanda amegomba tangu asubuhi. Kamanda ndiye msimamizi wetu pale kwa dobi, tunakofua mashuka ya hoteli na ya hospitali. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelitumia. Anatembea na kalamu sikioni, na akikuona umeegemea meza anasema, “Meza ina miguu yake, na wewe una yako.” Leo ameniambia mara tatu. Hana moyo yule.

Machi 14
Chumba changu kiko ghorofa ya tatu. Zamani nilipanda ngazi nikiongea na simu. Leo nimepumzika mara mbili, na mara ya pili nilijifanya natafuta funguo kwa sababu mama wa ghorofa ya kwanza alikuwa anapita.

“Moyo unagonga,” Jirani akasema.

“Uchovu wa mvua.”

“Uchovu gani huo unaopiga ngoma?”

Nilikuwa natafuna mchele mbichi. Siku hizi nauweka mfukoni na kuutafuna kutwa, sijui kwa nini. Jirani anasema nitaanza kutaga.

Machi 15
Mvua.

Machi 19
Leo limetokea jambo. Ilikuwa kama saa kumi jioni, mashuka ya hoteli yamerundikana kwa sababu hayakaukii nje, kila kitu kinapita kwenye mashine yangu ya pasi. Mashine hiyo ina bamba la chini na bamba la juu. Unatandaza, unashusha, mvuke unatoka, unainua. Nimeifanya kazi hiyo miaka sita, mikono inajua bila mimi. Nilikuwa nimesimama tu, sipo.

“Mkono!” Jirani akapiga kelele. “Mkono wa kulia, utoe!”

Nikatazama. Ukingo wa kiganja ulikuwa umelala kwenye bamba la moto. Nikautoa. Na naandika kweli tupu: sikusikia kitu mpaka nilipouona. Ndipo maumivu yakaja yote kwa mkupuo, nikapiga yowe mpaka wenzangu wakazima mashine zao.

Kamanda alikuja na beseni la maji, akaushika mkono wangu ndani ya maji yeye mwenyewe, muda mrefu, bila kunitazama usoni. “Unalala umefungua macho,” akasema. Niliona ni tusi.

Machi 20
Mkono umefura. Nimekaa nao dirishani nawaza. Anayesikia bati tu, alijuaje kwamba naungua kabla yangu mimi?

Nimejaribu kumpima. Nilijifinya paja nikamuuliza nimefinya wapi. Akacheka. “Kichwa chetu kimoja. Unachokijua wewe nakijua mimi. Huo si mtihani, ni kuonea paja.”

“Basi niambie kwa mdomo wako. Unaumia au huumii?”

“Weka dawa kwenye mkono,” akasema.

Hilo si jibu.

Machi 27
Siku zangu zimeanza. Mvua.

Machi 30
Damu nyingi. Sketi nyeusi.

Aprili 2
Siku ya saba. Nimemwambia Jirani kwamba mwezi uliopita zilikuwa tisa, kwa hiyo huu ni nafuu. Hakucheka.

Aprili 4
Naandika haya polepole kwa sababu sitaki kukosea neno.

Mchana nilikwenda stoo ya mashuka safi kuchukua marobota. Tumbo likanibana kama mtu anakamua nguo. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikakaa juu ya robota, nikauma meno, nikaanza kuondoka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Mtu anaweza kuuacha mwili wake ukae pale pale ukivumilia, na yeye akaenda mbali kidogo, mahali pasipo na rangi, akasubiri yapite. Nilijifunza kwa mama. Ndivyo ninavyofanya kazi.

Nikiwa huko nikasikia mtu analia. Nikadhani ni mmoja wa wenzangu nyuma ya rafu. Nikarudi kusikiliza, na niliporudi nikajua ni Jirani. Miaka saba sijawahi kumsikia akilia.

“Una nini?”

“Tumbo.”

“Tumbo langu.”

“Ndiyo. Tumbo lako. Linaniuma.”

“Ulisema unasikia bati tu.”

“Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa na mgonjwa mmoja kitandani. Sikutaka uwe na wawili.”

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza. Mgongo niliouvunja nikimgeuza mama, alikuwa nao. Jino nililokaa nalo miezi minne, alikuwa nalo. Kisha akasema:

“Wewe una dawa yako. Yakizidi unaondoka, unaenda zako huko, na kazi inaendelea. Sasa ukiondoka, unadhani anabaki nani?”

Mlango ukafunguliwa. Kamanda. Akaniona nimekaa juu ya mashuka safi, uso umelowa machozi. Nilisubiri lile la meza na miguu. Akafunga mlango, akaondoka.

Nimelelewa nikiambiwa kuvumilia ni sifa. Mama alisifiwa msibani kwake kwa hilo, kwamba hakuwahi kulalamika. Na mimi nimejivunia hivyo hivyo. Lakini niliyekuwa nikidhani anavumilia alikuwa amekwenda matembezi, akamwachia mwenzake mzigo, na mwenzake hakuwa na pa kwenda. Huko si kuvumilia. Kuna neno lake, na leo sina nguvu ya kuliandika.

Nimemwahidi nitakwenda hospitali kesho.

Aprili 5
Sikwenda. Mashuka ya wodi mbili yameingia kwa pamoja.

Aprili 6
Sikwenda. Jirani hasemi nami.

Aprili 7
Nimeanguka kazini.

Nakumbuka nilikuwa nainua bamba, kisha nikaona miguu ya meza kwa karibu sana. Kamanda alikuwa amepiga magoti kando yangu. Akavuta kope la chini la jicho langu kwa kidole gumba, kama anayeangalia nguo iliyochuja rangi.

“Damu huna,” akasema. “Ndani ya jicho ni peupe kama foronya.”

“Ni uchovu tu.”

“Uchovu! Mimi nilisema uchovu miaka miwili. Nikazolewa pale kwenye kona kwa kitoroli cha nguo chafu. Unatoka damu siku ngapi?”

Aliniuliza hivyo mbele ya watu wote. Nikaona aibu. Nikataka kusema tano.

“Mwambie ukweli,” Jirani akasema.

“Tisa,” nikasema. “Kumi na mbili sasa.”

Kamanda akatoa kalamu sikioni, akampa mwenzangu wa mashine ya pili, akamwambia, “Leo wewe ndiye mimi.” Akanishika mkono mpaka hospitali, mvua inatupiga wote wawili. Njiani nilimuuliza alijuaje. Akasema ameniangalia wiki tatu, anahesabu mara ngapi nasimama kupumua nikibeba beseni. Miaka sita nilidhani anatafuta sababu ya kunifukuza.

Aprili 8
Nimelazwa. Daktari wa wanawake amesema damu yangu ni tano, na inatakiwa isipungue kumi na mbili. “Umepanda ngazi za hapa kwa miguu yako?” akauliza. Kuna uvimbe kwenye kizazi, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Si saratani kwa wanavyoona. Nitaongezewa damu kwanza, kisha nipasuliwe, uvimbe utoke na kizazi chenyewe. Nina miaka arobaini na nne, sikuzaa, na nilipoambiwa sikusikia kama naporwa.

Aprili 9
Chupa ya pili ya damu. Naitazama ikidondoka. Jirani akasema, “Vidole vya miguu vinapata joto.” Nikasubiri. Baada ya dakika kumi hivi na mimi nikalisikia.

Aprili 12
Upasuaji ni tarehe 21. Nilidhani Jirani atafurahi. Badala yake ameniuliza, “Na mimi je?”

“Wewe je nini?”

“Ukilala, mara nyingine mimi nipo macho. Wewe unakoroma, mimi nasikiliza mvua. Sasa wakikulaza wewe kwa dawa, halafu mimi nisilale?”

Sijaweza kula chakula cha mchana.

Aprili 13
Mvua. Nimekataa kusaini fomu. Nesi ameniuliza naogopa nini, nikasema naogopa.

Aprili 15
Dada amekuja. Ni mshonaji, ameacha cherehani na wateja, amesafiri tangu alfajiri, amefika na sanduku dogo na mto wake mwenyewe kwa sababu haamini mito ya hospitali. “Pole,” akasema, akanipangusa uso kwa nguvu kama anang'arisha sufuria. Kamanda ndiye aliyempigia simu. Sijui namba aliipata wapi.

Dada anajua habari za Jirani. Nilimwambia mara moja, mwaka uliofuata msiba, akasema nisirudie tena kuyatamka maneno hayo mbele za watu. Leo ilibidi niyarudie. Nikamweleza kwa nini sijasaini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja shuka la juu la kitanda, akalikunjua, akalikunja tena.

“Unataka kufa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo?”

“Yeye ndiye aliyeniambia naungua. Yeye ndiye aliyeniambia nimwambie Kamanda ukweli.”

“Mama alinizalia mdogo mmoja,” Dada akasema. “Mmoja. Sijaletewa wawili. Huyo mmoja asaini aishi, mengine sitaki kuyasikia.”

Akatoka kwenda kutafuta chai, akakaa saa nzima. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Zamani ningeandika kwamba Dada ni mkali. Leo naona ni mtu aliyechelewa mazishi ya mama na hataki kuchelewa tena.

Aprili 18
Daktari wa usingizi alikuja kuniona, yule anayelaza watu kabla ya upasuaji. Ni mzee kidogo, viatu vimelowa, anapiga miayo yeye mwenyewe. Akaniuliza kama nina pumu, kama nina meno ya bandia, kama nina swali. Dada alikuwa amekwenda kufua. Nikasema ninalo.

Nikamweleza yote. Nilieleza nikitazama kucha zangu. Nilipomaliza nilijua atamwita daktari wa akili.

Akavuta kiti, akakaa. “Anaitwa nani?”

“Jirani.”

“Na anaogopa kwamba wewe utalala, yeye abaki macho kwenye kisu.”

“Ndiyo.”

Alifikiri. Si kufikiri kwa kunipa heshima, alifikiri kweli. “Mimi sijui kama yupo au hayupo,” akasema. “Sikusomea hayo. Ninachokijua ni hiki. Usingizi wa kawaida ni kama kufunga mlango wa chumba chako. Mpangaji mwenzako anaweza kuendelea na yake sebuleni. Usingizi wangu si huo. Mimi nazima umeme wa nyumba nzima. Mpangaji wa mbele na wa nyuma, wote gizani.”

“Na ikiwa dawa haikumtosha?”

“Aliye na maumivu lazima ayapate kwa njia ya mwili, si ndiyo? Hana mwili mwingine. Basi moyo utakimbia. Mimi nakaa kichwani pako tangu mwanzo mpaka mwisho, kazi yangu ni kuutazama moyo huo tu. Ukikimbia, sitauliza ni wa nani. Nitaongeza dawa.”

Akainuka, akapiga mwayo mwingine, akaniomba radhi, akaenda kitanda kinachofuata.

Mvua ilikuwa imekatika, ndiyo mara ya kwanza wiki hii.

“Nimemsikia,” Jirani akasema. “Saini.”

“Una hakika?”

“Sina. Saini.”

Aprili 21
Naingia saa mbili. Dada ameshika begi langu kwa mikono yote miwili. Jirani anaogopa, na mimi naogopa, na leo siondoki. Nimemwahidi kwamba mpaka umeme uzimwe nitakuwa hapa hapa.

Aprili 23
Niliamka juzi jioni. Maumivu ya mshono. Nayasikia yote, sikwenda popote. Jirani hayupo.

Aprili 24
Hayupo.

Aprili 25
Nimemwita. Nimemwita kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha pili akaitika akidhani ni yeye. Kichwa ni kama chumba kilichohamwa, hata mwangwi unasikika. Sikujua maumivu yana uzito kiasi hiki mtu akiyabeba peke yake.

Aprili 26
Daktari wa usingizi amepita. Nilimuuliza moyo ulikuwaje. Akasema ulikimbia mara moja, mwanzoni kabisa, kisu kilipogusa. Akaongeza dawa, ukatulia, haukukimbia tena. “Ni kawaida,” akasema. “Mwili hushtuka hata mtu akiwa amelala fofofo.”

“Ni mwili, au ni yeye?”

“Mimi niliona namba zinapanda. Nikaongeza dawa, zikashuka.” Akanigusa bega. “Aliyeshtuka, awe nani, alilala.”

Alipoondoka nililia. Dada alidhani ni mshono, akamwita nesi. Baadaye nikamweleza kwamba Jirani hajarudi. Nilitegemea aseme afadhali. Badala yake alichukua mto wake aliokuja nao kutoka nyumbani, akauweka chini ya magoti yangu, akakaa.

Aprili 27
Jua. Dada ananitembeza mpaka dirishani na kunirudisha.

Aprili 28
Leo asubuhi, Dada akinichana nywele, nimesikia:

“Anavuta sana upande wa kushoto.”

Nilishika ukingo wa kitanda.

“Ulikuwa wapi?” nikamuuliza.

“Sijui. Sikuwepo. Na wewe ulikuwa wapi?”

“Sikuwepo.”

“Basi tulikuwa pamoja,” akasema, kama mtu anayemaliza ubishi, kisha akaongeza, “Mwambie apunguze hicho kitana.”

Nikamwambia Dada, “Punguza kidogo, kushoto kunauma.”

Kitana kikasimama. Dada ananijua tangu sijaota meno, na anajua kwamba mimi silalamiki. Angeweza kunichana kwa reki ningenyamaza. Akazunguka mbele yangu, akanitazama jicho moja kisha la pili, kama mtu anayechungulia dirishani kuona nani yumo.

“Amerudi,” akasema. Halikuwa swali.

“Amerudi.”

Akasimama pale na kitana mkononi. Nikaona anahangaika na jambo, mdomo unafunguka na kufungika. Mwishowe akasema, kwa ukali, akitazama dirisha, “Basi muulize kama mto mmoja unawatosha. Maana sikuja na wa pili.”

Nilicheka. Sikuwa tayari, kicheko kilinitoka chote, mshono ukavutika kama unachanika, na Jirani akapiga kelele “Aa!” kabla yangu, na mimi nikafuata, “Aa!” tukawa tunacheka na kuumia, kuumia na kucheka, machozi yananitoka, nimejishika tumbo kwa mikono miwili.

Dada akatupa kitana kitandani. Akaja akaweka kiganja chake juu ya blanketi, penye mshono, polepole sana, kiganja kile kizito cha mshonaji, akakiacha pale.

“Poleni,” akasema.